Samaki wa Upande Mmoja

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Fanny alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa: kugeuza samaki. Aliingia katika kibanda cha Koko Godelieve, bibi yake, nyuma ya nyumba, akainama chini ya moshi na kuwageuza mikebuka, wale samaki wembamba wa ziwani, mmoja mmoja juu ya kichanja kwa vidole vitatu, haraka, kabla havijaungua. Tumbo lililotazama moto litazame juu, na mgongo uliotazama juu utazame moto. Kisha alitoka mbio, macho yakimtiririka machozi, akavuta hewa safi ya ziwani.

"Umeruka wangapi?" Koko aliuliza kila siku, akiwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni pa kibanda.

"Hakuna, Koko."

"Tutaona."

Na kweli waliona, kwa maana Koko alichagua samaki mmoja katikati ya kichanja, akamvunja shingoni na kumnusa. Samaki wake walinunuliwa na wachuuzi wa Kilembwe, ambao huwabeba kwa siku mbili katika njia za milima. Samaki asiyegeuzwa hukauka upande mmoja tu. Machoni ni mzuri, anang'aa kama shaba, lakini upande wa pili ana maji, na maji hayo humwozesha njiani, naye huwaozesha wenzake ndani ya kikapu. Kwa miaka thelathini na minne hakuna mchuuzi aliyerudi katika mji wa Baraka kumtupia Koko Godelieve samaki mbovu mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake mjini, nayo aliilinda kuliko nguo zake za Jumapili.

Lakini miaka hiyo ilikuwa imeacha kitu kifuani mwake. Kikohozi kilianza kama cha mtu yeyote, wakati wa kiangazi, kikaenda, kikarudi. Mwaka wa tatu kikahamia kabisa. Koko alikuwa shemasi kanisani, na zamani aliimba njia nzima kutoka nyumbani hadi ibadani. Sasa njia ileile alisimama mara tatu ili apumzike, na kwaya ya akina mama ilipoimba, yeye alipiga makofi tu.

Katika kituo cha afya, muuguzi Placide, ambaye watu wote walimwita muganga, alipima makohozi yake mara mbili. Haikuwa kifua kikuu. Akamtuma kwa daktari wa hospitali. Daktari akasikiliza mgongo wake kwa muda mrefu, akaandika herufi nne katika daftari lake la mgonjwa: BPCO. Akampa pompe ndogo ya kuvuta dawa kwa mdomo. Muganga Placide alijaribu kumweleza ugonjwa huo na namna ya kuishi nao, lakini siku hiyo akina mama thelathini walikuwa kwenye benchi na watoto wao wa chanjo, na Koko alikohoa mpaka nusu ya maneno ikampita. Mama yake Fanny, aliyeitwa Solange, hakuwepo. Alikuwa ufukoni akinunua samaki. Basi nyumbani hapakufika maelezo. Ilifika pompe na zile herufi nne.

Baada ya wiki mbili kikohozi kilikuwa bado kipo. Hapo ndipo jirani yao, Mama Suzanne, alipokuja na neno lake.

"Yaya Godelieve, hii haiko ugonjwa wa hospitali," alisema, akimwita kama dada mkubwa na kuketi bila kungoja kukaribishwa. "Ni kilimi. Kile kinyama cha nyuma ya koo kimerefuka, kinakutekenya. Mtu wa kukata yuko, Mzee Patrice wa Kilembwe. Anashuka huku Siku ya Posho pamoja na bachuuzi."

Siku ya Posho ni Jumamosi. Solange alisema labda wampe muganga muda. Mama Suzanne akasema muda ndio unaoua watu. Wakavutana kama watu wawili walioshika wavu mmoja, mpaka Koko akainua kidole.

"Mi sitaki maneno ya huku na huku," alisema, akapumzika, akaendelea. "Fanny iko na simu. Aulize simu. Kile itasema, tutafanya."

Wote walimgeukia Fanny, na Fanny akajiona amerefuka kidogo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake alikuwa Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, na simu kubwa aliiacha nyumbani, nayo hakuna aliyeijua kama Fanny. Ni yeye aliyewasomea ujumbe wa baba. Ni yeye aliyetafuta bei ya samaki ya Uvira, na mara nyingine habari za barabara ya Nundu. Kwa sababu mtandao ulishika vizuri karibu na mnara wa simu tu, na yeye alionekana huko mara kwa mara, watoto wa mtaa walimwita Antene. Jina hilo lilikuwa la mzaha, lakini yeye alilivaa kama taji.

Siku iliyofuata, Jumatano, saa tisa baada ya shule, alikwenda chini ya mnara na mega za intaneti za siku moja. Aliandamana na rafiki yake Immaculée, waliyeketi naye dawati moja, msichana mpole aliyekuwa wa kwanza darasani katika Kifaransa.

Fanny aliandika zile herufi nne. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha ukurasa ukafunguka. Ulikuwa wa Kifaransa, na maneno yake yalikuwa marefu kama kamba za nyavu. Juu palikuwa na picha ya mapafu mawili meusi na mkono ulioshika sigara. Fanny alisoma mstari wa kwanza mara tatu. Neno la mapafu alilijua. Neno la tumbaku alilijua. Sababu ya kwanza ya ugonjwa huu, ukurasa ulisema, ni tumbaku.

Damu ikampanda usoni. Koko wake, shemasi, aliyewafukuza wavulana wenye sigara mbele ya kanisa kwa mwiko wa ugali! Fanny aliona aibu, kana kwamba watu wote waliokaa chini ya mnara walikuwa wakisoma juu ya bega lake. Wamekosea mtu, alijiambia. Wameandika ugonjwa wa mtu mwingine. Ukurasa uliendelea chini, mrefu, lakini hakuushusha.

"Leta nione," Immaculée alisema. "Kuna maneno magumu pale."

"Nimeelewa."

"Hata hili?" Akaweka kidole juu ya neno moja.

"Nimesema nimeelewa. Nenda ukafundishe mbuzi wa kwenu."

Immaculée alicheka kidogo, akaenda kununua maandazi.

Alipobaki peke yake, Fanny akafungua ukurasa mwingine, akaandika upya. Safari hii hakuuliza Koko anaumwa nini. Aliandika: kilimi kinaleta kikohozi. Kabla hajamaliza, simu yenyewe ikammalizia maneno, ikaweka chini yake "dawa ya kilimi" na "kukata kilimi". Moyo wake ukaruka. Kumbe simu inajua! Akabonyeza, na mwanamume mwenye koti jeupe akatokea mbele ya ukuta wa buluu, akazungumza Kiswahili chepesi kinachoteleza kama mafuta. Kikohozi kisichosikia dawa ni kilimi kirefu, alisema. Kikikatwa, mgonjwa analala vizuri siku hiyohiyo. Watu elfu nne walikuwa wameweka alama ya moyo chini ya maneno yake. Halafu mtu yule akainua kikopo cha dawa ya unga, akafungua mdomo aseme jambo jingine, na picha ikaganda. Mega zilikuwa zimeisha.

Nyumbani walikuwa wakimngoja: Koko kwenye kigoda, Solange na beseni la samaki magotini, na Mama Suzanne amekwisha kuketi.

"Simu inasema nini?" Koko aliuliza.

Fanny angeweza kusema kwamba alisoma mwanzo tu. Angeweza kusema kwamba Kifaransa kilimshinda na mega zikamwacha njiani. Maneno hayo yalikuwa mepesi na yalikuwa ya kweli, lakini wanawake watatu walikuwa wanautazama mdomo wake kama mdomo wa mhubiri, na Antene ni nani akisema hajui?

"Inasema ni kilimi," alisema. "Na ule ugonjwa daktari aliandika, ni ugonjwa wa batu ba sigara."

Beseni la Solange likaacha kutikisika.

"Sigara," Koko alisema polepole. "Mi."

Aliinuka, akiushika ukuta. Akaichukua pompe yake, akaifunga katika kitambaa, akaitia ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati, akabana kifuniko.

"Nilibatizwa humu ziwani nikiwa na miaka kumi na tano," alisema. "Siwezi kuvuta dawa ya bavuta sigara. Suzanne, mwambie Mzee Patrice aje."

Kisha akarudi kwenye kigoda chake, mlangoni pa kibanda, palepale moshi ulipotokea. Simu, kwa mdomo wa Fanny, haikusema lolote juu ya moshi.

Siku ya Alhamisi Koko hakufika barabarani. Ijumaa aliamka akiwa ameketi, kwa sababu kila alipolala chali pumzi ilimkimbia. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Fanny alipotoka kibandani baada ya kugeuza samaki, alisimama akingoja swali lake la kila siku. Swali halikuja. Koko alimtazama tu, mabega yakipanda na kushuka. Hakuwa na pumzi ya kutumia kwa habari ya samaki. Na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Fanny alikuwa ameruka samaki sita, kwa kuwa masikio yake yalikuwa kwenye pumzi za Koko mlangoni.

Solange alimvuta kando karibu na mtungi wa maji.

"Fanny, ile simu ilisema vile kweli?"

"Ndiyo, mama."

Uongo wa kwanza ulikuwa umemtoka kama mate. Huu wa pili ulimkwama kama mwiba wa samaki. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi, na ni kweli. Ila aliyemo ndani yake haoni mwisho wake. Shuleni, mwalimu alipomwita, Fanny aliinuka na kujibu swali la mtu mwingine, darasa likacheka. Aliona mbele ya macho yake kigoda, na Koko amefungua mdomo.

Jumamosi asubuhi alishindwa kukaa. Mzee Patrice alisubiriwa saa nne. Saa tatu na nusu Fanny aliichukua simu, akakimbia hadi kwa akina Immaculée, akamkuta rafiki yake anafua. Mega hazikuwepo, lakini ule ukurasa wa Kifaransa ulikuwa bado umebaki wazi, vilevile alivyouacha. Akaunyosha mkono wenye simu.

"Nisomee," alisema. Neno hilo lilikuwa zito kuliko ndoo mbili za maji. "Sikuelewa. Nilikudanganya."

Immaculée alitazama uso wake, akafuta povu mikononi, hakusema kitu juu ya mbuzi. Akasoma kwa sauti ya chini, akitafsiri, kidole kikishuka. Chini ya tumbaku palikuwa na maneno mengine. Moshi wa kuni na wa makaa, ndani ya jiko lisilopitisha hewa, kwa miaka mingi. Ugonjwa huwapata sana wanawake wanaokaa motoni, hata wale ambao hawajagusa sigara maisha yao yote. Mgonjwa hukohoa, hutoa makohozi, hupungukiwa na pumzi anapotembea. Mwishoni kabisa palikuwa na majina ya madaktari walioandika, hospitali yao na mwaka. Neno kilimi halikuwepo popote.

"Huyu ni koko yako," Immaculée alisema. "Wamemwandika yeye."

Fanny alikuwa amekwisha kuipokonya simu na kukimbia.

Alipofika uani, kigoda cha Koko kilikuwa kimegeuzwa kulitazama jua. Koko alikuwa ameketi, shingo imeegemea mikono ya Solange, mdomo wazi. Mbele yake alisimama Mzee Patrice, mtu mwembamba mwenye shati safi, kijiko mkono wa kushoto, na mkono wa kulia kisu kidogo chenye ncha iliyopinda, ambacho kilikuwa kimetoka motoni sasa hivi.

"Ngojeni," Fanny alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Ngojeni. Simu haikusema kilimi. Ni mi nilisema."

"We Antene," Mama Suzanne alisema, "batoto habaingilie kazi ya bakubwa. Toka hapo."

"Mwache," Mzee Patrice alisema. Alikuwa amekata vilimi kwa miaka arobaini, na alizijua nyuso za watoto wanaoogopa damu. Uso huu haukuwa wa namna hiyo. "Sema, mutoto."

Fanny akasema, macho yakitazama vidole vya miguu yake. Alisoma mwanzo tu. Kifaransa kilikuwa kigumu akaona haya kukiri. Video ya kilimi, ya mtu wa koti jeupe, aliitafuta mwenyewe, akaipata kwa sababu ndiyo aliyoitafuta, na hata hiyo hakuimaliza. Mama alipomuuliza tena jana, alidanganya tena.

Mkono wa Solange uliinuka. Ukabaki hewani, kwa maana Koko alikuwa amefunga mdomo na kuinua kidole chake.

"Soma," Koko alisema. Akavuta pumzi. "Sasa. Yote."

Immaculée alikuwa amefika, mikono bado ina povu. Wakasoma pamoja, vichwa vikigusana. Walipofika kwenye maneno ya wanawake wa motoni wasiogusa sigara, Koko aligeuza uso polepole akakitazama kibanda chake. Moshi ulikuwa ukipenya katika nyasi za paa, mweupe, mtulivu, kama ulivyopenya kwa miaka thelathini na minne.

"Na hapa, chini yake?" Koko aliuliza, kidole kwenye simu.

"Hapa sielewi, Koko," Fanny alisema. "Neno hili hatulijui sisi wote wawili."

"Endelea."

"Usiache dawa yako bila kuongea na daktari," Fanny alisoma.

Mzee Patrice alikipangusa kisu chake kwa kitambaa, akakirudisha mfukoni.

"Huyu mama anavuta pumzi kwa mabega," alisema. "Kilimi hakifiki huko. Niliona tangu nilipoingia, lakini niliambiwa simu imesema. Nikajiambia, mi ni nani nibishane na simu?"

Koko alitaka kumjibu. Badala ya maneno kikaja kikohozi, na baada ya kikohozi hapakuja kitu. Alikishika kifua, mdomo wazi kama wa samaki aliyetupwa mchangani, na pumzi haikuingia. Solange aliita jina lake. Fanny alikuwa ndani tayari, juu ya kiti, kopo la maziwa mikononi. Kifuniko kilibanwa na mkono wenye hasira nacho hakikutaka kufunguka. Akakipiga ukutani, kikatoka. Akarudi uani mbio akiitikisa pompe kama alivyomwona Koko akifanya zile wiki mbili, akaiweka midomoni mwa Koko.

"Toa pumzi, Koko. Sasa vuta."

Mara ya kwanza nusu ya dawa ilitoka pembeni ya mdomo. Mara ya pili iliingia. Fanny alihesabu mpaka kumi kwa sauti, na katika hesabu hiyo alizeeka kidogo. Kisha kifua cha Koko kikafunguka kwa mlio, kama mlango wenye kutu, akavuta hewa kidogo, na nyingine kidogo. Mzee Patrice mwenyewe ndiye aliyekwenda kusimamisha pikipiki. Wakampakia Koko katikati, Solange akamshika kwa nyuma, wakaenda. Fanny na Immaculée wakafuata kwa miguu.

Katika kituo cha afya, Muganga Placide alichukua chupa tupu ya maji, akaitoboa kitako kwa msumari wa moto, akachomeka pompe kwenye tundu. Koko akavutia mdomoni mwa chupa, polepole, mara sita, na safari hii dawa yote ikaenda kifuani. Saa saba mchana midomo yake ilikuwa imerudia rangi yake, na neno la kwanza alilosema lilikuwa kuuliza nani amebaki na samaki.

Solange alimweleza muganga kila kitu. Fanny alingoja kufokewa. Muganga Placide alikaa kwanza, akasugua macho.

"Na mi niko na kosa langu," alisema. "Siku ile nilisema mbio. Mgonjwa akitoka hapa hajaelewa, ni lazima atafute pengine." Akamgeukia Fanny. "Simu ulifanya vizuri kuitafuta. Ule ukurasa ni mzuri. Lakini mara ya pili uliandika nini? Maneno yenyewe."

"Kilimi kinaleta kikohozi."

"Basi ikakuletea batu ba kilimi. Ungeandika mchawi analeta kikohozi, ingekuletea batu ba mchawi, na koti jeupe bangevaa vilevile. Simu haibishani na mtu. Ukienda na jibu mfukoni, inakurudishia jibu lako." Akamsogelea kidogo. "Yule wa koti jeupe, jina lake nani? Anafanya kazi wapi?"

Fanny alifikiri. "Hakusema."

"Alikuwa anauza nini?"

"Unga."

Kisha muganga alimweleza Koko mbele ya wote, safari hii polepole, akingoja kikohozi kipite ndipo aendelee. Mapafu yaliyoungua kwa moshi hayarudi kuwa mapya. Lakini dawa inayafungua, na yakikaa mbali na moshi hayaharibiki haraka. Anaweza kutembea tena mpaka kanisani. Kuimba, wataona. Kukaa mlangoni pa kibanda, hapana, hata siku moja.

"Na jina langu?" Koko aliuliza. "Batu ba Kilembwe batasema Godelieve ameacha samaki."

"Samaki banahitaji macho yako na pua yako," muganga alisema. "Habahitaji kifua chako."

Jumapili mchana ndugu na majirani walibomoa kuta mbili za kibanda ili upepo wa ziwa upite. Mama Suzanne alifanya kazi kuliko wote na kusema kidogo kuliko wote. Kigoda cha Koko kilihamishwa hatua ishirini, upande unakotoka upepo. Kuanzia hapo Solange angekaa na moto, lakini kwa zamu na jirani, kitambaa kimefunga pua, na kuni kavu tu.

Jumatatu asubuhi, kabla wachuuzi hawajafunga vikapu, Koko alimwambia Fanny amletee samaki wa Ijumaa katika sinia. Akachagua mmoja, akamvunja, akamnusa. Akachagua mwingine. Wa tatu alipovunjika, maji membamba yalitiririka juu ya kidole chake.

"Ijumaa uliruka wangapi?"

"Sita," Fanny alisema, wala hakungoja aulizwe mara ya pili.

Koko alimweka samaki yule kwenye kiganja, upande wa shaba ukiwa juu.

"Mutazame. Huyu hadanganyi kwa upande wake ulioiva. Upande huu ni mzuri kweli. Anadanganya kwa ule upande hakuonyesha moto." Akamgeuza. "We ulinisomea mgongo, tumbo ukaliacha bichi, halafu ukanipa nikule. Tumbaku ilikuwa kweli. Moshi wa kuni ulikuwa kweli. Kweli ya nusu ndiyo ilifunga dawa yangu ndani ya kopo."

Fanny alilia kimya. Koko alimngoja, kama muganga alivyomngoja yeye.

"Sikiliza, mutoto wangu. Mi nimesema sijui kusoma miaka sitini, na haikuniua. Nilikaribia kufa siku ile mtu alisema anajua." Akavuta pumzi, polepole, yote. "Kusema hapa sielewi, haiko haya. Ni pale mtu mwingine anaingia kukusaidia. Usome mpaka chini, uulize nani ameandika, na pale umeshindwa, useme umeshindwa. Sasa chukua hawa, uwarudishe motoni. Wachuuzi watangoja. Samaki wa Godelieve hatoki hapa na upande mmoja."

Wachuuzi walingoja. Walinung'unika, wakanywa chai, wakangoja.

Jumatano iliyofuata, saa tisa, Fanny alionekana tena chini ya mnara, na Immaculée kando yake, na katikati yao karatasi ya daftari. Walisoma ukurasa ule kuanzia picha ya mapafu hadi majina ya madaktari. Walipoinuka, karatasi ilikuwa na maneno matatu yaliyowashinda, yameandikwa kwa herufi kubwa, nao wakashika njia ya kituo cha afya.

"Antene," watoto waliokuwa wakicheza mpira walimwita, "leo umeshika nini?"

"Nusu," Fanny aliwajibu bila kusimama. "Nusu ya pili naenda kuiuliza."